Chanjo ya HPV: Mabinti wa Handeni na Korogwe wamepata kinga, mama zao je?

WASICHANA waliozaliwa mwaka 2004 wana nafasi ya pekee katika historia ya afya ya wanawake nchini. Wao ndio waliofikisha umri wa miaka 14 mwaka 2018, Tanzania ilipoanza kutoa nchi nzima chanjo ya kukinga saratani ya mlango wa kizazi. Leo ni wanawake wazima waliovuka umri wa miaka 20. Huko Handeni na Korogwe, mkoani Tanga, wapo miongoni mwao walioolewa na wenye watoto. Waliochanjwa wana kinga ambayo mama zao hawakuwahi kuipata.

Swali linaloulizwa sasa, vijijini na mjini, ni jepesi kulisema na gumu kulijibu: chanjo hiyo imebadilisha nini katika afya ya wanawake wa wilaya hizi mbili?

Jibu lina sehemu mbili. Sehemu ya kwanza inatia moyo, kwa kuwa ushahidi kutoka ndani na nje ya Afrika unaonyesha kwamba chanjo ya kirusi cha papiloma, kinachojulikana zaidi kwa kifupi cha HPV, inazuia saratani kwa kiwango ambacho miaka ya nyuma hakikutarajiwa. Sehemu ya pili inahitaji subira na mipango, kwa kuwa matunda hayo hayawezi kuonekana wodini kabla ya miaka mingi kupita, na katika kipindi hicho chote wanaougua na kufa ni wanawake ambao chanjo haikuwafikia.

Ugonjwa wa kimyakimya

Saratani ya mlango wa kizazi inaongoza kwa kuua wanawake nchini miongoni mwa saratani zote. Kwa mujibu wa makadirio ya taasisi ya utafiti wa saratani iliyo chini ya Shirika la Afya Duniani (WHO), kila mwaka wanawake zaidi ya 10,000 nchini Tanzania hugundulika kuwa na ugonjwa huo na zaidi ya 6,500 hufariki dunia. Kwa wastani, hao ni wanawake 17 au 18 kila siku.

Duniani, makadirio ya mwaka 2022 yanataja wagonjwa wapya wapatao 660,000 na vifo vipatavyo 350,000. Zaidi ya vifo tisa kati ya kila kumi hutokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Takwimu hizo zinaeleza kwamba umaskini na umbali wa hospitali huua pamoja na ugonjwa wenyewe.

Chanzo cha karibu saratani zote za aina hii ni HPV, kirusi kinachoambukizwa kwa njia ya kujamiiana. Mwanasayansi wa Ujerumani, Harald zur Hausen, alitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 2008 kwa kuonyesha uhusiano huo. Zipo aina nyingi za HPV, lakini aina mbili, ya 16 na ya 18, peke yake husababisha takriban asilimia 70 ya saratani za mlango wa kizazi.

Watu wengi wanaojamiiana huambukizwa HPV wakati fulani katika maisha yao, na mara nyingi mwili hukiondoa kirusi bila mhusika kujua. Pale kinaponing'inia kwa miaka, chembe za mlango wa kizazi huanza kubadilika. Kwa mwanamke mwenye kinga imara, mabadiliko hayo huchukua miaka 15 hadi 20 kufikia saratani. Kwa mwenye kinga dhaifu, hususan mwenye maambukizi ya Virusi vya Ukimwi yasiyotibiwa, muda huo hupungua hadi miaka mitano au kumi. WHO inaeleza kuwa mwanamke mwenye VVU ana uwezekano mara sita zaidi wa kupata saratani hiyo kuliko asiye na VVU.

Muda huo mrefu ndio unaomficha adui. Katika hatua za mwanzo hakuna maumivu. Dalili zinapojitokeza, kama vile kutokwa na damu baada ya tendo la ndoa au baada ya ukomo wa hedhi, uchafu wenye harufu, na maumivu ya kiuno na nyonga, wanawake wengi huona aibu kuzitaja hata kwa waume zao. Huanza na dawa za kienyeji, kisha duka la dawa, kisha zahanati. Kwa sababu hiyo wagonjwa wengi hufika katika Taasisi ya Saratani Ocean Road, jijini Dar es Salaam, ugonjwa ukiwa katika hatua ya tatu au ya nne, ambapo kazi kubwa ya daktari ni kupunguza mateso.

Kwa mkazi wa Handeni au Korogwe, Ocean Road ipo mbali. Kutoka Korogwe mjini hadi Dar es Salaam ni safari inayokaribia kilomita 300, na tiba ya mionzi hudumu kwa wiki kadhaa. Mgonjwa anahitaji nauli, mahali pa kufikia, chakula, na ndugu wa kumsindikiza. Familia huuza mbuzi, kisha mahindi, kisha shamba. Mtoto wa kike huacha masomo ili awalee wadogo zake. Hasara hiyo haimo katika takwimu za vifo, lakini ndiyo inayobaki kijijini baada ya mazishi.

Kilichobadilika tangu mwaka 2018

Chanjo hiyo ilizinduliwa kitaifa Aprili 2018 na Samia Suluhu Hassan, wakati huo akiwa Makamu wa Rais. Kabla ya hapo, mkoa wa Kilimanjaro ulikuwa umetumika kwa majaribio ya utoaji wa chanjo kuanzia mwaka 2014, kwa msaada wa Gavi, ushirika wa kimataifa unaosaidia nchi zenye kipato kidogo kununua chanjo.

Nia ya awali ilikuwa kuwachanja wasichana wa rika kadhaa kwa pamoja. Hata hivyo, upungufu wa chanjo katika soko la dunia uliilazimu nchi kuanza na rika moja tu, la wasichana wenye umri wa miaka 14, kwa dozi mbili zilizopishana miezi kadhaa.

Uamuzi huo ulieleweka, lakini ulikuwa na kasoro iliyoonekana zaidi vijijini. Mtoto anayeanza darasa la kwanza akiwa na miaka sita au saba hufikia darasa la saba akiwa na miaka 12 au 13. Akifika miaka 14 ama yuko kidato cha kwanza, ama hayupo shuleni kabisa. Huenda ameondoka kijijini kwenda kufanya kazi za ndani mjini, yuko machungani, au anachumbiwa. Hivyo chanjo iliyotegemea shule ilimtafuta msichana katika umri ule ule anaoanza kupotea shuleni. Dozi ya pili iliongeza ugumu, kwani ilimtaka mhudumu ampate tena msichana yule yule baada ya miezi kadhaa.

Mabadiliko makubwa yalikuja mwaka 2024. Kuanzia Aprili 22 mwaka huo, katika Wiki ya Chanjo Afrika, Serikali iliendesha kampeni iliyowalenga wasichana wa miaka 9 hadi 14 wapatao milioni 4.8 nchi nzima, kwa dozi moja tu. Wizara ya Afya wakati huo iliongozwa na Ummy Mwalimu, aliyekuwa pia Mbunge wa Tanga Mjini.

Kwa Handeni na Korogwe, tofauti kati ya mpango wa 2018 na ule wa 2024 haikuwa ya kitaalamu tu. Msichana wa miaka tisa au kumi yuko darasani, jina lake limo katika daftari la mahudhurio, na mwalimu anamjua mzazi wake. Safari moja ya muuguzi inatosha. Aidha, chanjo hufanya kazi vizuri zaidi inapotolewa kabla ya msichana kukutana na kirusi, kwa kuwa inakinga maambukizi mapya na haitibu yaliyokwisha kuingia.

Somo kutoka Mwanza na Kisumu

Wapo wazazi waliosikia kwamba dozi zimepunguzwa kutoka mbili hadi moja wakadhani kuwa ni kubana matumizi. Ukweli ni tofauti, na sehemu yake kubwa ilipatikana Afrika Mashariki.

Jijini Mwanza, watafiti wa Kitengo cha Utafiti cha Mwanza (MITU), wakishirikiana na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR) na wenzao wa London, waliwafuatilia wasichana 930 wa miaka 9 hadi 14 walioandikishwa kuanzia mwaka 2017. Baadhi walipewa dozi moja, wengine mbili, wengine tatu. Baada ya miezi 24, zaidi ya asilimia 97 ya waliopata dozi moja walikuwa na kinga dhidi ya HPV ya aina ya 16 katika damu yao.

Nchini Kenya, utafiti uliofanyika Kisumu, Nairobi na Thika uliwahusisha wanawake vijana 2,275 wenye umri wa miaka 15 hadi 20. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2022 yalionyesha kwamba dozi moja ilizuia maambukizi sugu ya aina ya 16 na 18 kwa asilimia 97.5 katika kipindi cha miezi 18. Desemba 2022, WHO ilitoa msimamo kwamba dozi moja inaweza kutumika kwa wasichana na wanawake hadi umri wa miaka 20. Wenye kinga dhaifu, wakiwamo wanaoishi na VVU, bado wanashauriwa kupata dozi mbili au tatu.

Taarifa hiyo ina maana ya pekee kwa wasichana wa mwaka 2018 na miaka iliyofuata ambao walipata dozi ya kwanza na kuikosa ya pili. Kwa miaka kadhaa walihesabiwa kuwa hawakukamilisha chanjo. Ushahidi wa sasa unaonyesha kuwa hawakubaki uchi mbele ya ugonjwa.

Kuhusu saratani yenyewe, nchi zilizotangulia zimekwisha kuona matokeo. Utafiti wa Sweden uliochapishwa mwaka 2020, uliowahusu wasichana na wanawake wapatao milioni 1.67, ulionyesha kuwa waliochanjwa kabla ya miaka 17 walikuwa na saratani ya mlango wa kizazi pungufu kwa asilimia 88 kuliko wasiochanjwa. Mwaka uliofuata, takwimu za Uingereza zilionyesha upungufu wa asilimia 87 kwa waliopewa fursa ya chanjo wakiwa na miaka 12 na 13. Mwaka 2024, Scotland ilitangaza kwamba haikugundua hata mgonjwa mmoja miongoni mwa wanawake waliokamilisha chanjo katika umri huo.

Rwanda, iliyokuwa nchi ya kwanza Afrika kuanzisha chanjo hii kitaifa mwaka 2011, imeona dalili za mapema. Uchunguzi miongoni mwa wasichana walioanza kujamiiana ulionyesha kuwa maambukizi ya aina za HPV zinazokingwa na chanjo yalishuka kutoka asilimia 12 hadi asilimia 5 katika muda wa miaka sita hivi. Kirusi kikipungua leo, saratani itapungua kesho.

Mahali pasipofanana

Handeni na Korogwe ni majirani walioungana kwa barabara ya lami ya takriban kilomita 65, lakini mazingira yao yanatofautiana. Korogwe imekaa kandokando ya barabara kuu ya kwenda Moshi na Arusha. Ina mji wenye shule nyingi, mashamba ya mkonge bondeni, na vijiji vya milimani kama Bungu na Vugiri, ambako mvua ikinyesha gari huteleza na bodaboda ndiyo tegemeo. Handeni ni kavu zaidi, ina vijiji vilivyotawanyika na jamii za wakulima na wafugaji ambao huhama kufuata maji na malisho. Katika kijiji cha Msomera, tangu mwaka 2022, Serikali imekuwa ikihamishia kaya kutoka Ngorongoro, hivyo idadi ya watoto wanaohitaji huduma imebadilika ndani ya muda mfupi.

Katika mazingira hayo, kumchanja msichana mmoja ni mlolongo wa kazi nyingi. Chanjo hutakiwa kukaa katika ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8 tangu bohari ya mkoa, jokofu la wilaya, jokofu la zahanati, hadi kisanduku cha barafu kinachofungwa nyuma ya pikipiki. Mwalimu mkuu hutakiwa kuandaa orodha na kuwaarifu wazazi. Mwenyekiti wa kitongoji hutakiwa kuwataja wasichana wasiosoma. Kiungo kimoja kikilegea, chanjo hurudi ilikotoka.

Utafiti uliofanyika Mwanza mwaka 2010 na 2011 katika shule za msingi 134 ulitoa funzo linalofaa kila mahali. Shule zilizochanja darasa zima zilifikisha asilimia 78.7 ya wasichana kwa dozi tatu zilizotumika wakati huo, ilhali zilizochagua wasichana kwa mwaka wa kuzaliwa zilifikia asilimia 72.1. Ni rahisi kuliita darasa kuliko kutafuta vyeti vya kuzaliwa katika vijiji ambako watoto wengi hawana.

Hata hivyo, darasa halimpati mtoto asiyekuwamo. Msichana aliye machungani, mwenye ulemavu aliyefichwa nyumbani, au aliyepelekwa kwa shangazi kulea mtoto, ndiye huyo huyo ambaye baadaye hatakwenda kupima wala kupata nauli ya Dar es Salaam. Akikosa chanjo utotoni, kila mlango unaofuata humfungia. Kampeni inayoripoti asilimia kubwa ya wilaya nzima inaweza kuwa imewaacha nje wale walioihitaji kuliko wote.

Lipo pia kundi ambalo kampeni ya mwaka 2024 haikuweza kulirudia. Wengi wa wasichana waliofikisha miaka 14 kati ya mwaka 2018 na 2023 na kukosa chanjo walikuwa wamevuka umri wa walengwa. Hao ni wanawake vijana wa sasa, na kwao njia iliyobaki ni kupima watakapofikia umri.

Uvumi wa ugumba

Kila chanjo ina kivuli chake cha maneno. Hii imezushiwa kwamba inafunga kizazi, kwamba ni mpango wa siri wa uzazi, au kwamba inawapa wasichana ruhusa ya kuanza mapenzi mapema. Utafiti wa maoni uliofanyika Mwanza kabla ya chanjo kuanza ulikuta hofu ya ugumba miongoni mwa wazazi, walimu na hata baadhi ya wahudumu wa afya. Nchini Kenya, uzinduzi wa mwaka 2019 ulikumbana na upinzani wa baadhi ya madaktari wa Kikatoliki.

Hofu hiyo haifai kudharauliwa. Katika jamii ambako heshima ya mwanamke imefungamana na uzazi, mzazi anayeuliza kama sindano itamnyima binti yake watoto anauliza swali la maana, na anastahili jibu. Jibu ni kwamba kamati ya WHO inayosimamia usalama wa chanjo, iliyopitia takwimu za dozi zaidi ya milioni 270 hadi mwaka 2017, haikupata uhusiano wowote kati ya chanjo hii na ugumba. Madhara yanayojulikana ni maumivu na uvimbe mahali pa sindano, kichwa kuuma, homa ndogo, na kwa baadhi ya wasichana kuzirai kwa muda mfupi, jambo linalofanya washauriwe kukaa kwa dakika 15 baada ya kuchanjwa.

Upande wa pili wa jibu ni kwamba ugonjwa wenyewe ndio unaoharibu kizazi. Mwanamke anayegundulika na saratani ya mlango wa kizazi mara nyingi hutolewa kizazi au hupewa mionzi inayomwondolea uwezo wa kuzaa. Anayetaka wajukuu ana kila sababu ya kumpeleka binti yake achanjwe.

Korogwe ina uzoefu wake katika jambo hili. Kituo cha utafiti cha NIMR kilichopo wilayani humo kilikuwa miongoni mwa vituo vilivyojaribu chanjo ya kwanza ya malaria. Matokeo ya jaribio la watoto 894 wa Kilifi, Kenya, na Korogwe, yaliyochapishwa mwaka 2008, yalionyesha kinga ya asilimia 53, na jaribio kubwa zaidi likafuata kuanzia mwaka 2009. WHO ilipoidhinisha matumizi mapana ya chanjo hiyo mwaka 2021, wazazi wa Korogwe walikuwa wamechangia sehemu ya ushahidi. Walifika hapo kwa sababu walielezwa mambo kwa kina, wakauliza maswali, wakajibiwa na watu waliowafahamu. Chanjo ya HPV inahitaji mazungumzo ya aina hiyo hiyo, msikitini, kanisani, gulioni na kwa makungwi wanaowafunda mabinti, wala si tangazo la siku moja kwa kipaza sauti.

Mama zao je?

Hapo ndipo hesabu inapokuwa ngumu. Saratani ya mlango wa kizazi huwapata zaidi wanawake wa makamo. Msichana wa kwanza kuchanjwa mwaka 2018 atafikisha miaka 35 mwaka 2039. Aliyechanjwa akiwa na miaka tisa mwaka 2024 atafikisha umri huo mwaka 2050. Kwa maana hiyo, hata kama kila msichana wa Handeni na Korogwe angechanjwa, idadi ya wagonjwa katika muongo huu na ujao itaamuliwa na huduma wanazopata mama zao.

Wanawake hao wanaweza kuokolewa, kwa kuwa ule muda mrefu wa ugonjwa unaomficha adui pia unatoa nafasi ya kumkamata. Upimaji unaotumika zaidi nchini ni wa siki. Muuguzi aliyefunzwa hupaka siki kwenye mlango wa kizazi na kuangalia kama kuna sehemu inayogeuka nyeupe. Mabadiliko yakionekana mapema, hutibiwa kwa baridi kali au kwa joto, mara nyingi siku hiyo hiyo, bila kulazwa. Ni huduma ya dakika chache inayoweza kutolewa kituo cha afya.

Mwaka 2021, WHO ilipendekeza kuhamia kwenye kipimo cha vinasaba vya HPV, ambacho ni sahihi zaidi. Kipimo hicho kina faida nyingine kwa mwanamke wa kijijini: anaweza kujichukulia sampuli mwenyewe, bila kuvua nguo mbele ya mtu. Kwa wengi, aibu ndiyo kikwazo cha kwanza, hasa pale mpimaji anapokuwa mwanamume au kijana wa rika la mwanawe.

Mkakati wa dunia uliozinduliwa Novemba 2020 unazitaka nchi kufikia malengo matatu ifikapo mwaka 2030: kuchanja asilimia 90 ya wasichana kabla ya miaka 15, kupima asilimia 70 ya wanawake wakiwa na miaka 35 na tena wakiwa na miaka 45, na kutibu asilimia 90 ya wanaokutwa na tatizo. Kwa lengo la kwanza, Tanzania imepiga hatua ndefu. Lengo la pili ndilo lililo mbali, kwa kuwa chanjo humfuata msichana shuleni, ilhali upimaji humsubiri mwanamke aje.

Lakini fursa ipo. Siku muuguzi anapokwenda shuleni kumchanja binti, mama yake huarifiwa. Barua inayoeleza chanjo ingeweza kumwalika mama naye kupima, kwa tarehe na mahali maalumu. Kliniki za mama na mtoto na zile za tiba na matunzo kwa wanaoishi na VVU zinawapokea wanawake kila wiki. Anayeletwa na shida nyingine hahitaji nauli ya pili ili apimwe saratani.

Nani atalipa?

Chanjo hii haipatikani bure, ingawa msichana halipi. Gavi imekuwa ikibeba sehemu kubwa ya gharama, na Serikali ikichangia. Utegemezi huo una hatari zake. Januari 2025, Marekani ilisimamisha misaada yake mingi kwa nchi za nje. Juni mwaka huo huo, Serikali ya nchi hiyo ilitangaza kusitisha mchango wake kwa Gavi. Mipango ya afya inayosimama kwa fedha za wengine inaweza kuyumba kwa uamuzi uliofanywa mbali na Mkata au Mombo.

Kwa upande wa halmashauri, gharama zinazohitajika si za kutisha: mafuta ya pikipiki, posho ya muuguzi siku ya kwenda vijijini, matengenezo ya jokofu, siki na gesi ya kutibia mabadiliko ya awali. Hizo ni fedha zinazoweza kujadiliwa na madiwani katika bajeti ya kila mwaka. Diwani anayeuliza idadi ya wanawake waliopimwa katika kata yake, kama anavyouliza idadi ya madawati, atakuwa amesaidia kuliko hotuba nyingi.

Chanjo ya HPV ni miongoni mwa mambo machache katika afya ya umma ambayo sayansi imekwisha kuyamaliza na kuyaachia utawala. Inajulikana kwamba inakinga, kwamba dozi moja inatosha kwa wengi, na kwamba umri wa shule ya msingi ndio bora. Kilichobaki ni kuhakikisha kwamba kila mwaka msichana anayefikia umri, awe wa Bungu, Kabuku au Msomera, anafikiwa bila kusubiri kampeni nyingine, na kwamba aliyemzaa anapimwa kabla maumivu hayajaanza. Binti aliyekingwa bado anahitaji mama wa kumlea.